Meneja wa benki na mifumo inayojiendesha: mfumo ukiamua, nani anajibu?

Ndugu wanajamvi,

Kila yanapozungumzwa mabadiliko ya teknolojia katika benki, upinzani wa mameneja huelezwa kwa wepesi mno: ni watu wa zamani, hawaijui kompyuta, wanahofia vyeo vyao. Nimefanya kazi ya uendeshaji wa matawi kwa muda wa kutosha, nimekaa kwenye meza ya meneja na baadaye makao makuu, na maelezo hayo hayalingani na ninayoyaona. Meneja wa tawi kwa kawaida ndiye wa kwanza kuitaka mashine, kwa sababu ndiye anayeishi na foleni. Anachokipinga, mara nyingi kimyakimya, ni kuendelea kubeba dhamana ya jambo ambalo madaraka yake juu yake yamekwisha kuondolewa. Naomba nilieleze hilo kwa kirefu, kwa kuwa nadhani benki nyingi zinatibu ugonjwa usiokuwapo: zinawapeleka mameneja kwenye mafunzo ya kutumia mfumo, ilhali kinachowasumbua ni mgawanyo wa madaraka.

Tuanze na historia. Mwaka 1950 kiongozi wa ngazi ya juu wa Bank of America, S. Clark Beise, ndiye aliyekwenda Stanford Research Institute kuomba ibuniwe mashine ya kushughulikia hundi. Akaunti za hundi za benki hiyo zilikuwa zikiongezeka kwa takriban 23,000 kila mwezi, wakati karani mzoefu aliweza kuingiza vitabuni akaunti zipatazo 245 tu kwa saa, na matawi yakawa yanalazimika kufunga milango saa 8 mchana ili makarani wapate muda wa kumaliza hesabu za siku. Mashine iliyotokana na ombi hilo, ERMA, ilioneshwa hadharani mwaka 1955, na kazi hiyo ndiyo iliyotuletea tarakimu za wino wa sumaku ambazo hadi leo huchapwa chini ya hundi. Katika kisa hiki kiongozi wa benki ndiye aliyekwenda kuitafuta mashine, kwa sababu alijua ni mzigo gani anataka utuliwe.

Mashine za kutolea fedha zilipokuja, kuanzia ile ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, wengi walitabiri kwamba keshia na tawi lake vingetoweka pamoja. Mchumi James Bessen amefuatilia yaliyotokea Marekani. Kati ya 1988 na 2004 wastani wa makeshia katika tawi la mjini ulishuka kutoka watu wapatao 20 hadi wapatao 13, lakini kwa kuwa tawi lilikuwa limepungua gharama, benki zilifungua matawi mengi zaidi, kiasi kwamba idadi ya matawi ya mijini iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa mameneja, mabadiliko hayo yalikuwa na faida iliyo wazi. Nafasi za umeneja ziliongezeka, kazi ya kuhesabu noti ilipungua, na keshia aliyekuwa akitoa na kupokea fedha tangu asubuhi hadi jioni alipata nafasi ya kuzungumza na mteja kuhusu akiba na mikopo. Hakuna meneja niliyewahi kumsikia akitamani siku za kabla ya mashine ya kutolea fedha zirudi.

Kwa hiyo ni nini kilichobadilika? Naamini kilichobadilika ni aina ya kitu ambacho mashine inachukua. Mashine za mwanzo zilichukua kazi ya mikono na kumwachia meneja uamuzi. Mifumo ya sasa inachukua uamuzi wenyewe na kumwachia meneja kazi ya kuueleza. Kampuni ya Fair Isaac imekuwapo tangu 1956, na alama zake za kukopesheka za matumizi ya jumla, yaani namba zinazokadiria kama mtu atalipa deni lake, zilianza 1989, lakini kwa miaka mingi alama zile zilikuwa karatasi moja kati ya karatasi nyingi zilizokuwa juu ya meza ya meneja. Siku hizi, katika benki nyingi, mikopo midogo na ya kati huidhinishwa au kukataliwa kabla meneja hajaliona jina la mwombaji. Kadhalika mfumo wa kubaini udanganyifu hufunga akaunti usiku wa manane, na meneja hupata habari asubuhi kutoka kwa mwenye akaunti aliyekwisha kusimama mlangoni.

Niwaelezeni jambo hili linavyoonekana ukilitazama kwa karibu. Ofisa mikopo anaingiza taarifa za mteja kwenye kompyuta: mapato, madeni, muda wa kuwa na akaunti, dhamana. Anabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Baada ya sekunde chache kioo kinaonesha alama, rangi nyekundu, na sentensi moja inayosema kwamba ombi halikukidhi vigezo. Hakuna maelezo ya kigezo kipi. Mteja, ambaye ameweka amana katika tawi hilo kwa miaka na hajawahi kuchelewesha rejesho, anaomba kuonana na meneja. Meneja anafungua ukurasa uleule, anasoma sentensi ileile, na hana kitufe cha ziada ambacho ofisa wake hana. Akisema ukweli, kwamba hajui sababu, anaonekana ama mjinga ama mtu anayeficha jambo. Akibuni sababu, anadanganya. Mteja akiondoka na amana zake, upungufu wa amana unaandikwa kwenye tathmini ya meneja. Na ikitokea mkopo ambao mfumo uliukubali ukachakaa, ni meneja huyohuyo anayetakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini tawi lake lina mikopo mibaya.

Hapo ndipo ilipo kero yenyewe, na ndiyo maana mafunzo ya kompyuta hayaigusi. Umri nao hauelezi chochote. Nimeona mameneja vijana, waliokulia kwenye simu za mkononi, wakiwa wazito kuliko wazee kuupokea mfumo wa mikopo, kwa sababu wao bado wana miaka mingi ya kutathminiwa mbele yao.

Mfano mwingine ni ufungaji wa hesabu za mwisho wa siku. Zamani keshia akipungukiwa, meneja na mkuu wa makeshia walikaa na stakabadhi, wakazipitia moja moja, na mara nyingi kosa lilipatikana: tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, au bunda lililohesabiwa mara mbili. Mfumo wa sasa hufunga siku kwa saa iliyopangwa na kuhamishia tofauti yoyote kwenye akaunti ya kusubiri, na kuanzia hapo kuifungua tofauti hiyo kunahitaji idhini ya makao makuu. Hesabu zinafungwa haraka, hilo ni kweli na ni jema. Lakini meneja analala na tofauti ambayo haruhusiwi kuigusa, huku jina lake ndilo lililo kwenye ripoti ya asubuhi. Matokeo yake ni lile daftari la pembeni ambalo kila aliyewahi kutembelea matawi amelikuta: meneja anaandika kwa mkono, au kwenye jedwali lake binafsi la kompyuta, saa, kiasi, jina la keshia, na kile mfumo ulichoonesha wakati ule. Wataalamu wa mabadiliko hulitazama daftari hilo wakasema, tazameni mtu asiyetaka kuacha karatasi. Mimi nalisoma kama ushahidi ambao mtu anajiwekea kwa sababu anajua siku moja ataulizwa, na mfumo hautakuwapo kwenye chumba cha mahojiano kumtetea.

Niseme kidogo kuhusu dodoso, kwa kuwa maoni ya mameneja kwa kawaida hutafutwa kwa njia hiyo. Dodoso nyingi za aina hii zimejengwa juu ya kazi ya mtafiti Fred Davis ya mwaka 1989, inayosema kwamba mtu hukubali teknolojia kwa kadiri anavyoiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Ni mtazamo wenye nguvu kwa mtu anayechagua programu ya kuandikia barua. Meneja wa benki hachagui. Mfumo umekwisha kununuliwa, tarehe ya kuuwasha imetangazwa, na dodoso limekuja kupitia idara ya rasilimali watu. Bila shaka atajibu kwamba una manufaa, na pengine anaamini hivyo kwa dhati. Swali ambalo dodoso haliulizi ni hili: mfumo ukikosea, nani anaitwa kujieleza, na je, mtu huyo aliwahi kuwa na uwezo wa kuuzuia? Ningefurahi kuona utafiti unaoanzia hapo.

Kuna tofauti pia kati ya meneja wa makao makuu na meneja wa tawi, ingawa sote tunawaita kwa jina moja. Wa makao makuu anauona mfumo kupitia gharama kwa kila muamala, na gharama hiyo hushuka. Wa tawi anauona siku unapokwama. Juni 2012, katika kundi la Royal Bank of Scotland, marekebisho ya programu inayopanga kazi za usiku yalivurugika, na wateja zaidi ya milioni 6 waliathirika. Wengine hawakuona mishahara yao, wengine hawakuweza kulipa walichokuwa wakidaiwa. Matawi yaliongeza saa za kazi na mengi yakafunguliwa hata Jumapili. Miaka miwili baadaye wasimamizi wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 56. Waliokaa dirishani Jumapili ile, wakimhudumia mteja mmoja mmoja kwa kumwamini na kumsikiliza, hawakuwa na mkono wowote katika marekebisho yale, na laiti matawi hayo yangekuwa yamekwisha kufungwa, sijui wateja wangekwenda wapi.

Naomba wenzetu waliokaa kwenye ukaguzi, na wale wanaojenga mifumo, watoe mtazamo wao, hasa wakiona ninawatetea mameneja kupita kiasi.

Mchangiaji wa kwanza (ukaguzi wa ndani)

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu lawama kutenganishwa na madaraka, lakini kuna upande ambao umeupita haraka. Madaraka hayo ya meneja hayakuondolewa bila sababu. Sisi tuliokagua mafaili ya mikopo enzi za uamuzi wa mezani tunajua yaliyokuwamo: mkopo wa ndugu wa meneja uliopitishwa na dhamana iliyopandishwa thamani, mteja mwenye sifa zote aliyezungushwa hadi akakata tamaa, kiwango cha riba kilichobadilika kulingana na nani anamfahamu nani. Ukiuliza sababu, uliambiwa kwamba meneja anawajua watu wake. Neno hilo lilifunika mema mengi na maovu mengi, na mkaguzi hakuwa na namna ya kuyatenganisha. Mfumo, pamoja na kasoro zake, huacha alama: nani aliingiza nini, saa ngapi, kwa nywila ya nani. Baadhi ya upinzani unaousikia unatoka kwa watu ambao alama hizo hazikuwapendeza, na ni haki hilo nalo lisemwe.

Baada ya kusema hayo, nakubali kwamba sisi wakaguzi tumejenga mazoea mabaya ya kuamini kioo kuliko mtu. Kisa ambacho kila mkaguzi angepaswa kukisoma ni cha mfumo wa hesabu wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu kwa ajili ya Posta ya Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walioendesha ofisi za posta walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, kwa sababu mfumo ulionesha upungufu ambao kwa wengi haukuwapo. Waliopiga simu kulalamika kwamba hesabu hazilingani walijibiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Wengine walifungwa, wengine walilipa upungufu huo kutoka mifukoni mwao hadi wakafilisika, na ilichukua hadi Mei 2024 kwa Bunge kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Ofisi za posta si matawi ya benki, lakini keshia mwenye upungufu mbele ya mfumo usiokosolewa ni yuleyule. Tangu nilipokielewa kisa kile, kila ninapokuta upungufu unaojirudia kwa watu tofauti katika matawi tofauti, naanza kwa kuukagua mfumo, na lile daftari la pembeni ulilolitaja huwa naliomba kwa heshima badala ya kuliandikia hoja ya ukaguzi.

Mchangiaji wa pili (mifumo)

Mkuu, mimi niko upande wa wanaojenga, na nitasema wazi kwa sababu uzi huu umeanza kwa uwazi. Tunapobuni mfumo tunawaita mameneja wa matawi kwenye vikao vya kueleza mahitaji. Wanaokuja ni maofisa wa chini ambao hawana mamlaka ya kusema ndiyo wala hapana. Mfumo ukishawashwa ndipo meneja anajitokeza na kusema kwamba haufanani na kazi yake. Tatizo la pili ni hili: tuliwahi kuweka kitufe cha kutengua uamuzi wa mfumo, na baadhi ya matawi yakakitumia karibu kwa kila ombi lililokataliwa, bila kuandika sababu zaidi ya maneno mawili, "mteja mzuri". Hapo idara ya usimamizi wa hatari ikaagiza kitufe kiondolewe, na sikuwa na hoja ya kukitetea.

Kuhusu macho ya binadamu, nina jambo ambalo linapigia debe pande zote mbili. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo 35 ya malipo, yenye thamani ya karibu dola milioni 951, kutoka kwenye akaunti ya benki hiyo iliyoko Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York, ambayo ni sehemu ya benki kuu ya Marekani. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na sehemu kubwa ikapotea. Lakini dola milioni 20 zilizokuwa zikielekea Sri Lanka zilisimamishwa kwa sababu katika benki ya katikati, Deutsche Bank, ilionekana kwamba jina la shirika linalolipwa limeandikwa "fandation" mahali palipostahili "foundation", na ikaulizwa kulikoni. Agizo hilo lilikuwa na uthibitisho wote ambao mfumo unaudai; kilicholikwamisha ni herufi. Wakati huohuo, huko Dhaka, printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za miamala ilikuwa imekwama, na watumishi waliichukulia kuwa hitilafu ya kawaida ya printa. Kwa hiyo binadamu makini anaokoa mamilioni na binadamu aliyezoea hitilafu anayapoteza. Ninachotaka kujua kutoka kwa mleta mada ni namna tunavyoweza kumrudishia meneja madaraka bila kurudi kwenye "mteja mzuri". Na je, tawi likibaki na watumishi watatu na mashine, unamhitaji meneja kwa lipi?

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili. Kwa ndugu mkaguzi sina pingamizi: uamuzi wa mezani ulikuwa na uchafu wake, na sitaki kurudi huko. Ninachokikataa ni dhana kwamba kati ya meneja asiyeulizwa na mfumo usioulizwa hakuna njia ya tatu.

Kwa ndugu wa mifumo, naanza na vikao. Meneja hatumi ofisa wa chini kwa dharau. Siku ya kikao chako, malengo ya tawi lake hayasimami. Amana, mikopo na malalamiko ya siku ile vinahesabiwa kama siku nyingine yoyote, na hakuna safu kwenye tathmini yake inayosema kwamba alitumia siku nzima kukuonesha tofauti ya fedha inavyotafutwa jioni. Benki ikiiingiza kazi hiyo kwenye vigezo vya utendaji wake, na kumtaja kwa jina kama mmoja wa wanaosaini mahitaji ya mfumo, utamwona.

Kuhusu kitufe, nadhani kiliondolewa mapema mno. Kitufe kilichotumiwa ovyo kilikosa sehemu ya pili, yaani hesabu ya matokeo. Meneja akitengua uamuzi, aandike sababu inayoweza kukaguliwa: mapato ambayo mfumo haukuyaona, kosa katika kumbukumbu za madeni, dhamana iliyothibitishwa upya. Kisha, baada ya muda uliokubaliwa, mikopo aliyoitengua ilinganishwe na ile ambayo mfumo uliipitisha wenyewe, na matokeo yote mawili yawekwe mezani. Meneja ambaye mikopo yake inalipwa vizuri kuliko ya mfumo anakufundisha kitu ambacho mfumo wako haukijui. Ambaye mikopo yake inachakaa, kitufe kinafungwa kwake peke yake, kwa ushahidi, na si kwa mameneja wote. Wengi ninaowafahamu wangekubali utaratibu huo bila kusitasita, kwa kuwa unawapa nafasi ya kuonesha kwamba busara yao ina thamani inayopimika.

Sheria nazo zinaelekea huko. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu, katika ibara ya 22, haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine pekee, na pale uamuzi wa aina hiyo unaporuhusiwa, haki ya kumpata binadamu wa kuupitia. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo, katika shauri lililoihusu kampuni ya Ujerumani ya SCHUFA, ilisema kwamba hata kutoa alama ya kukopesheka kunaweza kuhesabiwa kuwa uamuzi wa aina hiyo ikiwa mkopeshaji anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Sasa fikiria huyo binadamu wa kupitia uamuzi akiwa meneja asiye na taarifa zaidi ya rangi nyekundu. Atakuwa mhuri tu, na mteja atakuwa amepewa haki iliyo tupu.

Nchini Uingereza, tangu Machi 2016, viongozi wa juu wa benki hutakiwa kuwa na maelezo ya maandishi ya yale ambayo kila mmoja wao anawajibika nayo. Benki ya TSB ilipohamisha taarifa za wateja wake kwenye mfumo mpya Aprili 2018, watu wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022, na mwaka uliofuata aliyekuwa ofisa mkuu wa teknolojia ya habari alitozwa binafsi pauni 81,620. Sisemi haya kwa kushangilia adhabu ya mtu. Nasema kwamba safari hii lawama ilimfuata aliyekuwa na uwezo wa kusema tusubiri kwanza, na haikuteremshwa hadi kwa meneja wa tawi aliyekuwa akiwatuliza watu mlangoni. Utaratibu wa namna hiyo ukishuka hadi ngazi za chini, sehemu kubwa ya kile tunachokiita upinzani wa mameneja itakosa chanzo.

Swali lako la mwisho ndilo gumu. Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1983 kwamba unapoipa mashine kazi zote rahisi, binadamu hubaki na zile ngumu peke yake, na wakati huohuo hupoteza mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu. Tawi la watumishi watatu na mashine linahitaji meneja kwa ajili ya mambo ambayo mashine imeshindwa kuyaainisha: mjane aliyeleta hati za mirathi zisizolingana na jina la akaunti, mzee ambaye kila wiki anatuma fedha kwa mtu asiyemfahamu na mfumo unaona ni malipo halali, mfanyabiashara ambaye akaunti yake imefungwa na mishahara ya watu wake ni kesho. Lakini meneja hawezi kuyamudu hayo ikiwa mwaka mzima hajapitia faili hata moja la mkopo kwa macho yake. Ningependekeza sehemu fulani ya maombi, hata yale ambayo mfumo umeyakubali, ipitiwe kwa mkono kila mwezi na meneja pamoja na maofisa wake, kabla ya kuoneshwa jibu la mfumo, ili ujuzi usife.

Na kwa tawi la namna hiyo kuna sharti moja ambalo mimi ningeliweka kabla mashine haijafungwa ukutani: awepo mtu wa makao makuu, mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa mezani kwa meneja, mwenye mamlaka ya kufungua akaunti iliyofungwa na mfumo kimakosa, na muda wa kujibu uliopangwa kwa saa na kuandikwa kwenye mkataba wa huduma wa ndani. Muda huo ukipita bila jibu, uamuzi urudi kwa meneja, na kumbukumbu za mfumo zioneshe hivyo.